Pampu, Mkono na Saa Mbili za Mama

Swali moja tuliulizwa katika zahanati ya mwambao wa Ziwa Nyasa, na swali hilo limetufuata mpaka hapa kwetu visiwani. Aliyeuliza ni mwalimu kijana wa shule ya msingi, naye alikuwa amempakata mwanawe wa kwanza, mtoto wa wiki kumi. Alituamkia, "Shikamoo mama," tukaitikia, kisha akasema bila ya kuzunguka: "Likizo yangu imebaki wiki mbili tu. Dada yangu yuko Dar es Salaam, ameniambia nichague pampu ya kukamulia maziwa naye ataninunulia. Ziko za mkono, ziko za betri, ziko za umeme. Nichague ipi?"

Muuguzi aliyekuwa akipima uzito wa watoto alimgeukia akamwambia: "Mwalimu, kabla hatujaisema pampu, niambie kwanza utakamulia wapi." Mwalimu yule alinyamaza. Kisha akajibu kwamba shule yao ina ofisi moja, meza zimegusana, na walimu wanaokaa humo ni wanane, sita kati yao wanaume.

Ndugu wasomaji, safu yetu ya leo tunaitoa kwa maswali hayo mawili, la mwalimu na la muuguzi. La kwanza ni la mama na mfuko wake. La pili ni letu sote, na hasa la wale waliopewa dhamana ya ofisi, shule, viwanda na mashamba ambamo mama wazazi wanafanya kazi.

Wasomaji wetu wa visiwani wanaijua bahari, lakini si wengi waliofika upande ule wa Mkoa wa Ruvuma. Mbinga ni mji wa milimani, katikati ya nchi ya Wamatengo, penye baridi ya kumfanya mtu wa pwani ajifunike kanga mbili asubuhi. Kutoka hapo barabara ya lami huteremka mpaka Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ziwa lenyewe liko chini sana kuliko mji wa Mbinga, na mtu aliyeondoka juu akiwa na sweta hufika ufukweni akitafuta kivuli. Safari ni ya siku moja, lakini hali ya hewa ni ya nchi mbili. Jambo hili lina maana yake katika habari ya maziwa, nasi tutalirudia.

Wanawake wa nchi ile hawana mchezo na kazi. Huko juu kuna kilimo kinachoitwa ngolo, cha mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko kama mraba wa mkeka, ili maji ya mvua yatuame wala yasichukue udongo. Kwa desturi wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga, na wanawake ndio wanaozifukia kwa jembe, shimo baada ya shimo. Hapo tena kuna kahawa ya kuchuma na kuanika. Huko chini ziwani kuna dagaa wa kutandaza kwenye chanja na kugeuza juani kabla hawajaharibika, na kuna mihogo ya kulima na kumenya. Mama wa arobaini iliyokwisha jana huonekana leo kazini.

Tuliwatazama tukawakumbuka wanawake wa Paje na Jambiani, ambao tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara mwaka 1989 wamekuwa wakifuata maji yanapotoka. Bamvua halimngoji mtu. Mama huingia baharini saa nyingi, na mtoto hubaki na bibi yake. Anaporudi kanga yake imelowa, na si kwa maji ya chumvi peke yake. Kila mama aliyepata kunyonyesha anafahamu tunasema nini. Kwa hiyo tunapozungumza habari za Nyasa, tunazungumza habari zetu.

Sasa natufanye hesabu. Wataalamu wa afya wa nchi yetu, pamoja na Shirika la Afya Duniani, wanafundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, bila ya maji wala uji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka atimize miaka 2 au zaidi. Sisi tuliokaa chuoni tukiwa watoto tunaitambua miaka hiyo miwili, kwani Qurani katika Suratul Baqara imeitaja kuwa ndiyo muda kamili wa kunyonyesha kwa anayetaka kuutimiza. Miezi 6 ni kiasi cha siku 182. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Toa 84 katika 182, zinabaki siku 98. Na ikiwa mama alianza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, kama sheria inavyomruhusu, pengo hilo linazidi kupanuka.

Siku hizo 98 ndizo daraja ambalo watoto wengi wanaangukia. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa watoto walio chini ya miezi 6 waliokuwa wakipewa maziwa ya mama peke yake walikuwa asilimia 59. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 64. Ni maendeleo, na wakunga wetu wanastahili shukrani. Lakini maana yake ni kwamba zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu bado anatiliwa kitu kingine kinywani kabla tumbo lake halijawa tayari.

Sheria hiyo hiyo imeweka nguzo katika daraja hilo. Imemwamrisha mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumlisha mtoto wake ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Hapa Zanzibar tuna sheria yetu ya ajira ya mwaka 2005, lakini mtoto wa Unguja na wa Pemba ana tumbo lile lile na mama yake ana shida ile ile.

Hapa hatuna budi kusema jambo linalotuhusu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa na dhamana ya idara moja katika ofisi ya umma ambayo hatutaitaja. Karani mmoja, mwanamke kijana aliyerudi kutoka likizo ya uzazi, alikuwa akitoweka mezani kwake mara mbili kwa siku, kila mara kwa kiasi cha nusu saa. Tulimwita tukamuuliza. Aliinamisha uso asiseme neno. Tukachukulia kimya chake kuwa ni ukaidi, tukatia saini barua ya onyo. Baada ya hapo hakutoweka tena, nasi tukajisifu kwamba nidhamu imerudi. Mwezi haukwisha akaomba ruhusa: mtoto alikuwa amehamia maziwa ya kopo, ameharisha, amelazwa. Ndipo mwenzake alipotueleza. Yule binti alikuwa akikamua maziwa ndani ya stoo ya majalada, amesimama, ameegemeza mgongo mlangoni kwa sababu mlango haukuwa na komeo.

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Barua tuliiondoa jaladani, lakini maziwa yaliyokauka hayakurudi. Nasi tumezaa, tumenyonyesha, tumelea; hata hivyo kiti cha ofisi kilitusahaulisha. Ikiwa mwanamke aliweza kusahau, yatakuwaje kwa mkuu wa kazi ambaye hajapata kuamka usiku matiti yamejaa kama mawe? Ndiyo sababu swali la muuguzi wa Nyasa lilituchoma.

Turudi kwa mwalimu na pampu yake. Muuguzi alimfundisha kwanza kutumia mkono, nasi tuliona kuwa ni haki. Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa: titi likiachwa limejaa, mwili huelewa kuwa maziwa hayahitajiwi, ukapunguza, likitolewa mara kwa mara, huongeza. Titi halibagui kama aliyetoa ni kinywa cha mtoto, mkono au mashine. Kinachotakiwa ni kutolewa, tena kwa utulivu, kwani mama mwenye hofu au haya maziwa yake hukawia kushuka hata kama yapo.

Njia ya mkono ni hii. Mama hunawa kwa sabuni. Hutafuta kikombe au bakuli lenye mdomo mpana, lililooshwa na kuchemshwa. Hukaa vizuri, hulipapasa titi taratibu, na akipata kitambaa cha vuguvugu hulikanda. Kisha huweka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini yake, kwenye ukingo wa sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Husukuma vidole kidogo kuelekea kifuani, huviminya pamoja, huachia, huminya, huachia. Havuti chuchu wala hatelezeshi vidole juu ya ngozi, kwani kufanya hivyo huumiza na hakuleti kitu. Mwanzo hutoka matone, kisha huchuruzika. Titi moja huchukua dakika 3 hadi 5 mpaka mwendo upungue, halafu huhamia la pili, akarudia tena. Kazi nzima ni kiasi cha dakika 20 hadi 30. Ikiuma, kuna kosa katika namna ya kushika, na mkunga atalirekebisha.

Mkono hauhitaji umeme wala vipuri, wala haupotei safarini. Kwa siku za mwanzo, wakati wa dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ambayo baadhi ya wazee wetu waliyamwaga kwa kutojua thamani yake, mkono huishinda mashine, kwa sababu dang'a ni kidogo na huishia kuganda kwenye kuta za chombo. Kila mama, awe na pampu au asiwe nayo, yampasa aujue mkono wake kabla ya kuondoka wodini. Somo hili ni la nusu saa na halina bei.

Je, pampu basi haina kazi? La, inayo. Mwenye kukaa mbali na mtoto kutwa nzima, kama mwalimu yule, au muuguzi wa zamu, au askari, au mama wa mapacha, pampu nzuri humpunguzia muda na uchovu. Si kitu cha jana. Huko Marekani hati ya kwanza ya uvumbuzi wa pampu ya namna hii ilitolewa mwaka 1854, na mwaka 1956 mhandisi wa Uswidi, Einar Egnell, alichapisha utafiti wake kuhusu namna mbalimbali za kutoa maziwa titini, akitafuta mvuto usiomwumiza mama. Siku hizi zipo za aina nyingi na bei zake zimetengana mno. Haya ndiyo tuliyoyaokota kwa muuguzi na kwa mama wenye uzoefu.

La kwanza, ajihadhari na pampu yenye tufe la mpira, ile inayofanana na honi ya baiskeli. Ni rahisi, na ndiyo maana hununuliwa. Lakini maziwa huingia ndani ya tufe, na ndani ya tufe hapafiki mkono, jicho wala brashi. Uchafu hukaa humo ukangoja maziwa ya kesho. Tena mvuto wake haupimiki, na chuchu huweza kuchubuka. Waalimu wa afya hawaipendekezi, nasi tunakubaliana nao.

La pili, atazame kama kila sehemu inayoguswa na maziwa inaweza kufunguliwa, kuonekana na kuchemshwa. Hili ni kubwa kuliko rangi ya boksi na jina la kiwanda. Sehemu hizo huoshwa kwa sabuni na maji safi kila baada ya kukamua, na huchemshwa dakika 5 walau mara moja kwa siku. Pampu isiyostahimili sufuria haifai kwa nyumba zetu.

La tatu, atazame umeme wake, na mwalimu wa mwambaoni kadhalika na mama wa Makunduchi au Micheweni alitie maanani. Umeme umefika vijiji vingi, lakini umeme uliofika huweza pia kukatika. Pampu ya umeme isiyo na betri wala mpini wa mkono huwa pambo siku ya giza. Pampu ya mkono ya kuminya mpini hutosha kabisa kwa mwenye kukamua mara mbili kwa siku. Ya umeme inayovuta matiti yote mawili kwa pamoja huwafaa zaidi wale wanaokamua mara nyingi mchana na usiku, hasa mama ambaye mtoto wake hajaweza kunyonya.

La nne, kikombe cha pampu kinachofunika chuchu lazima kimwenee. Chuchu iende mbele na nyuma bila ya kukwaruza. Kikibana, kitachubua, kikizidi upana, kitavuta na sehemu nyeusi. Mvuto mkali hauongezi maziwa. Mama aanze kwa mvuto mdogo, aongeze mpaka pale anapostarehe, na maumivu yakianza arudi nyuma.

La tano, asikubali pampu ya mtumba wala ya kuazimana, hata ya dada yake. Pampu nyingi za mtu binafsi hazina kizuizi kati ya maziwa na mashine. Maziwa ya mama wa kwanza huweza kupenya yakabaki palipofichika. Zile za hospitali zilizotengenezwa kutumiwa na wengi zina kizuizi hicho, na kila mama hupewa vifaa vyake.

La sita, aulize vipuri. Kile kipande chembamba cha mpira ndicho kinachochoka kwanza, na kikichoka pampu nzima haivuti. Ikiwa hakipatikani Songea wala Mbinga, basi mwenye kununua na anunue viwili tangu mwanzo.

Baada ya kukamua kuna kuhifadhi, na hapa ndipo milima na ziwa vinapotofautiana. Wataalamu husema maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa salama muda wa saa nne mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25. Chumba cha kivulini Mbinga huweza kuwa hivyo siku nyingi za mwaka. Mwambao wa ziwa mchana wa jua, kama Unguja mwezi wa Februari, hauko hivyo. Huko muda hupungua, na mama hana budi kutafuta jokofu, ambamo maziwa hukaa mpaka siku nne, au kisanduku chenye barafu kama wanachotumia wabebaji wa chanjo. Maziwa yakitulia, mafuta hupanda juu. Hayajaharibika, yatikiswe taratibu. Yapashwe moto kwa kuweka chombo ndani ya maji ya vuguvugu, yasitiwe jikoni yakachemka.

Kisha apewe mtoto kwa kikombe. Tunalikazia hili kwa sababu wengi wakinunua pampu hununua na chupa. Chupa na chuchu yake ya bandia ni ngumu kusafisha, na zimewaharisha watoto wengi. Nchi yetu tangu mwaka 1994 ina kanuni za kudhibiti utangazaji wa vitu hivyo pamoja na maziwa ya kopo, nazo zilipangwa upya mwaka 2013. Bibi anayebaki na mjukuu amkalishe wima mapajani, aguse mdomo wa chini kwa ukingo wa kikombe, ainamishe kidogo tu, amwache mtoto alambe mwenyewe. Asimmiminie. Yaliyobaki kikombeni yasirudishwe kwenye akiba.

Na mahali penye mama wengi, kama wodini au katika jokofu la ofisi, kila chombo kiandikwe jina na saa. Kwa usafi ni lazima. Kwetu Waislamu kuna sababu nyingine ya kutochanganya: maziwa hujenga udugu, na wanazuoni wameeleza masharti yake. Maziwa ya mama kwa mwanawe mwenyewe, yawe yametoka kwa mkono au kwa pampu, hayana tatizo lolote. Ama mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, afuate anavyoelekezwa na kliniki yake na asiache dawa; asikate shauri kwa maneno ya barazani.

Yuko mama mmoja ambaye kwake kukamua si suala la kazi wala likizo. Huyo ni aliyejifungua mtoto njiti. Mtoto huyo mara nyingi hana nguvu ya kunyonya, na maziwa ya mama yake ndiyo yanayomkinga na maradhi ya matumbo. Mama huyo huanza kukamua ndani ya saa za mwanzo baada ya kujifungua, na huendelea mara 8 au zaidi kwa usiku na mchana, huku amembeba mwanawe ngozi kwa ngozi kifuani. Mama wa milimani wanaokimbilia hospitali ya Litembo, na wale wa mwambaoni wanaoitegemea hospitali ya Mtakatifu Anna pale Liuli, hufika kutoka mbali. Taasisi ya Doris Mollel imepiga kelele miaka mingi kwa ajili ya watoto hawa, na marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yamemwongezea likizo mama wa mtoto njiti. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Ikiwa kuna mahali ambapo fedha za umma zinunue pampu imara za umeme, basi ni katika wodi za watoto hawa kabla ya mahali pengine popote.

Sasa tunawageukia viongozi na watendaji. Sheria ya mwaka 2004 inasema saa mbili za kumlisha mtoto. Imetungwa kana kwamba mtoto yuko nyuma ya ukuta wa ofisi. Mwalimu wa Nyasa anayeishi vijiji viwili kutoka shuleni kwake atazimaliza saa hizo njiani. Kwa mama kama huyo, saa mbili zina maana tu ikiwa anaweza kuzitumia kukamua. Tunashauri waraka utolewe, Bara na Visiwani, unaosema wazi kwamba muda wa kunyonyesha ni pamoja na muda wa kukamua. Wenzetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017, wamemtaka mwajiri aweke chumba cha mama anayenyonyesha chenye mahali pa kunawa, jokofu au kitu cha kupozea, meza ndogo, viti na soketi ya umeme ya pampu, na wamekataza chumba hicho kuwa chooni. Sisi hatulazimiki kungoja mpaka tupate jokofu. Chumba chenye mlango unaofungwa, kiti, ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni, hakihitaji mkutano wa bajeti.

Kwa mama wasio na mwajiri, wa ngolo, wa dagaa na wa mwani, hakuna waraka utakaowafikia. Hao watafikiwa na mkunga wa zahanati na mhudumu wa afya wa kijiji watakaowafundisha mkono na kikombe. Watafikiwa na waume zao, wakikubali kwamba mke aliyejifungua hatabeba jembe na mtoto kwa pamoja. Na watafikiwa na mabibi, ambao leo wanapiga uji wa pilipili manga na supu ya pweza ili mzazi apate maziwa, kisha kesho wanamtilia mtoto maji kinywani kwa huruma. Bibi mwenye kikombe safi na maziwa ya binti yake hahitaji tena kumhurumia mtoto kwa maji.

Tulipoagana na mwalimu yule alikuwa ameamua. Alimwandikia dada yake amletee pampu ya mkono, ya mpini, inayofunguka yote na kuchemshika, pamoja na kipuri kimoja cha akiba. Chupa alimwambia aiache dukani. Muuguzi aliahidi kumfundisha mama mkwe wake namna ya kumlisha mtoto kwa kikombe. Lililobaki ni lile alilokuwa hana uwezo wa kulinunua popote, yaani mlango wa kufunga.

Mwalimu mkuu wa shule ile, na kila mkuu wa kazi anayeisoma safu hii, atazame leo chumba gani katika himaya yake kina nafasi ya kiti kimoja. Akishakipata, atie komeo kwa ndani.